Redio Ilimuua Vidoje

Nyumba yangu na ya Hasnija zina ukuta mmoja. Kila asubuhi aliugonga mara mbili, maana yake kahawa iko tayari. Tulikunywa hivyo miaka ishirini, yeye Mwislamu, mimi Mserbia.

Kisha vita viliingia Bosnia. Redio yetu sisi Waserbia ikasema kila siku kwamba Waislamu wana orodha ya kutumaliza. Nikaacha kuitikia ukuta.

Alhamisi moja redio ilitangaza kwamba Waislamu wa kijiji cha Podgaj wamemchinja Vidoje, Mserbia mwenzetu, mfuga nyuki wa huko. Vidoje alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Nililia, kisha nikakimbilia duka la jirani kusimulia. Niliongeza damu mlangoni, kana kwamba niliiona. Jioni vijana walionisikia walivunja madirisha yote ya Hasnija. Nilisikia vioo vikianguka, nikafunga pazia.

Jumamosi Vidoje alibisha hodi, mtungi wa asali mkononi.

“Shemeji, mbona unanitazama hivyo?”

Nilimweleza. Alicheka kidogo, kisha akaacha.

“Nani alikuambia ameiona maiti yangu?”

“Redio.”

“Podgaj ni mwendo wa saa moja tu. Ungekuja kuniuliza. Habari hiyo imetungwa ili umwogope jirani yako. Ukishamwogopa, utakubali afanyiwe lolote. Ukisikia jambo, kwanza uliza nani ameona. Kama hakuna, liishie kwako.”

Nilifungua pazia. Nje, Hasnija alikuwa akipakia mizigo kwenye mkokoteni.

Nilimshika Vidoje mkono, nikampeleka dukani. Vijana walikuwapo.

“Niliwadanganya,” nikasema. “Damu sikuiona. Marehemu mwenyewe ndiye huyu.”

Hakuna aliyecheka. Baadaye mmoja wao, Ranko, alikwenda kupima madirisha ili aweke vioo vipya.

Nilimwambia Hasnija yote, hata lile la damu.

“Nilijua ni wewe,” alisema. “Sauti yako ilifika hadi kwangu.”

Alishusha mizigo, lakini hakunikaribisha ndani. Nilistahili.

Sasa habari ya redio siipeleki popote kabla ya kumpata aliyeona.

Asubuhi baada ya Hasnija kushusha mizigo, nilitega sikio ukutani. Kimya. Basi nikapika kahawa, nikagonga mimi. Niligonga siku nane. Ya tisa Hasnija alikuja, akaketi karibu na mlango, akanyoosha mkono kupokea kikombe.