Ufito wa Fundi na Madirisha Mawili

Kila asubuhi kazi katika karakana ile ilianza kwa ufagio. Mama alifagia maranda ya jana na kuyarundika mlangoni. Mjomba, mdogo wake Mama, alinoa msumeno huku akilalamikia mgongo wake. Fundi alikunywa chai amesimama, akizikagua mbao moja moja kama mtu anayemchagulia mwanawe mchumba. Binti alifunua nailoni iliyofunika kompyuta, akaipulizia vumbi, akaiwasha.

Binti alikuwa amesoma kozi ya kompyuta kwa mwaka mmoja. Aliporudi nyumbani alitengeneza programu kwa ajili ya karakana. Programu hiyo ilikuwa na madirisha mawili. Kwenye kompyuta, kisanduku kinachofunguka juu ya skrini huitwa dirisha. Dirisha la kwanza lilichora kabati au mlango, na vipimo vyake kwa tarakimu kubwa. Dirisha la pili lilikuwa na orodha ya kukata: mbao ngapi, za urefu gani. Fundi alitazama mchoro. Mjomba alikata kwa kufuata orodha.

Kabla ya hapo Fundi alitumia ufito. Kila kazi ilikuwa na ufito wake mmoja, wenye alama za vipimo zilizokwanguliwa kwa kisu. Tangu kompyuta ije, fito zilibaki zimetundikwa ukutani.

Wiki ile walikuwa wanatengeneza kabati la vitabu la shule. Lilitakiwa kuingia kati ya kuta mbili, upana sentimita mia moja sabini na nne. Mbao za kabati hilo Fundi alikuwa amezikausha miaka miwili chini ya paa. Hakuwa na nyingine kama hizo.

Siku moja mwalimu mkuu alipita.

"Fundi, waashi wametoa fremu ya mlango wa zamani," alisema. "Nafasi imeongezeka. Sasa ni mia moja themanini na sita."

"Afadhali umesema kabla hatujakata," Fundi alimjibu.

Binti akaandika upana mpya kwenye dirisha la mchoro, akabonyeza kitufe cha kuchora. Kabati likatanuka kwenye skrini. Fundi akasogeza uso karibu, akasoma mia themanini na sita, akaridhika.

Asubuhi iliyofuata Mjomba alifungua orodha. Rafu sita, kila moja mia moja sitini na nane. Akakata zote sita. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mikato ilinyooka.

Saa nne Fundi alisimamisha mbavu mbili za kabati, akaweka rafu ya kwanza. Ikadondoka. Akaweka ya pili. Ikadondoka pia.

"Shemeji," alisema Fundi polepole, "umekata ngapi?"

"Mia sitini na nane. Kama orodha ilivyosema."

"Lete futi."

Wakapima. Kati ya ubavu na ubavu palikuwa na mia moja themanini. Rafu zilipungua sentimita kumi na mbili.

Mama aliacha brashi ya vanishi ndani ya kopo. Ubao mrefu unaweza kuupunguza. Ubao mfupi umekwisha kazi.

"Mimi nisitazamwe," alisema Mjomba. "Nimekata nilichoambiwa na mashine. Ningeambiwa nikate mguu ningekata mguu."

Binti alikimbilia kompyuta. Mchoro ulisema mia themanini na sita. Orodha bado ilikuwa ya zamani. Alipoifunga orodha, sehemu ya mchoro iliyokuwa chini yake ilikuwa imefutika, kama mara zote. Akabonyeza kitufe tena, mchoro ukarudi.

"Baba, nilibadilisha. Uliona mwenyewe."

"Niliona," alisema Fundi. "Nimeona na hizi rafu pia. Jumatatu kompyuta inatoka humu. Mpelekee mtu mwingine akachezee. Humu ni mahali pa kazi."

"Baba..."

"Nimemaliza."

Binti alifunika mashine kwa nailoni, akatoka nje. Hakulia. Alikwenda nyumba ya tatu, kwa Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa akitengenezea maduka na zahanati programu za kompyuta, akifanyia kazi hiyo sebuleni kwake, huku mapacha wake wakipanda juu ya viti.

"Una sura ya mtu aliyefiwa," alisema Mama Pacha.

"Nimeua mbao sita."

"Basi twende nikawaone marehemu."

Walifika karakana. Mama Pacha alisalimia kila mtu, akamwamkia Fundi kwa heshima, akakaa mbele ya kompyuta. Alisoma programu kwa muda. Mjomba alisogea akachungulia, akaona mistari ya maandishi, akarudi nyuma.

"Mwanangu," Mama Pacha alisema, "dirisha la mchoro linavipata wapi vipimo?"

"Linavyo lenyewe. Ndani yake."

"Na dirisha la orodha?"

"Nikilifungua mara ya kwanza kwa kazi yoyote, dirisha la mchoro linalipatia vipimo, nalo linavihifadhi."

"Linalipatia vipimo, au linalipatia nakala ya vipimo?"

"Nakala," alisema Binti.

"Na ukibadilisha upana kwenye mchoro?"

"Nakala inabaki vilevile."

Fundi alikuwa akipiga randa. Randa ikasimama.

"Nakala?" aliuliza. "Humu ndani? Nani kafanya nakala?"

Mjomba alicheka kwa sauti. "Shemeji, hapo umeguswa!" Akamgeukia Mama Pacha. "Wewe hujui kisa. Mwaka wangu wa kwanza humu, ufito ulikaa kule kwenye benchi lake. Mimi mvivu wa kutembea. Nikachukua kifito changu, nikahamishia alama zote, nikakificha nyuma ya mlango. Mteja akabadilisha kimo cha meza. Fundi akakwangua alama mpya kwenye ufito wake. Kifito changu kikabaki na habari za zamani. Nikakata miguu minne mifupi."

"Nilikivunjia gotini," alisema Fundi.

"Alikivunjia gotini! Na mimi nilidhani goti linalofuata ni langu."

Mama Pacha alisimama, akatoa ufito mmoja ukutani. "Fundi, nieleze sheria ya huu."

"Sheria gani? Kila kazi ufito mmoja. Anayekata analeta ubao kwenye ufito. Anayechonga analeta ubao kwenye ufito. Kila mtu anautazama. Wa kukwangua alama ni mimi peke yangu. Nikibadilisha, naita: ufito umebadilika! Wote wanakuja kupima upya."

Mama Pacha alimtazama Binti. Binti alikuwa ameshika kichwa.

"Umelelewa humu," alisema Mama Pacha, "halafu ukaenda kuandika programu yenye vifito nyuma ya mlango."

"Sikufikiria kama ni kitu kilekile."

"Ni kilekile. Programu yako imejengwa kwa vitu. Kila dirisha ni kitu. Kina vyake vya kukumbuka na kazi zake za kufanya. Umekosa kitu kimoja tu: Kabati. Tengeneza kitu kiitwe Kabati. Upana, kimo, kina, vyote vikae humo tu, si pengine popote. Ukifungua dirisha la mchoro, lielekeze kwenye Kabati. La orodha, lielekeze kwenye Kabati lilelile. Usilipatie lolote nakala."

"Na dirisha likitaka kubadilisha upana?"

"Liliombe Kabati. Kabati lijibadilishe lenyewe. Mtu akiandika upana wa sifuri, Kabati likatae. Likishabadilika, liite madirisha yote: nimebadilika! Kila dirisha lije kusoma upya."

"Na lile la mchoro kufutika?" Mjomba aliuliza. "Nikifungua orodha na kuifunga, kabati linakuwa kama limeliwa na panya."

Mama Pacha alisogelea meza ya msumeno. Ilikuwa imejaa unga wa mbao. Kwa kidole alichora kabati dogo juu ya unga, kisha akapitisha kiganja, akalifuta.

"Kimefutika nini?"

"Kabati," alisema Mjomba.

"Kabati?"

Mjomba alifikiri. "Hapana. Mchoro. Kabati lipo kichwani mwako bado. Unaweza kulichora tena."

"Umeshinda watu wengi waliosoma," alisema Mama Pacha. Mjomba akajinyoosha, akasahau mgongo wake. "Skrini ni kama unga huu. Kompyuta haiahidi kukutunzia ulichochora. Dirisha likifunikwa, likifichwa au likivutwa liwe kubwa, mchoro unaweza kufutwa. Halafu kompyuta inaliambia dirisha: jichore. Binti yenu kaweka kazi ya kuchora kwenye kitufe. Kwa hiyo kompyuta ikisema jichore, dirisha halijui la kufanya. Linasubiri mtu abonyeze."

Binti alikwishaanza kuandika kwenye kipande cha karatasi. "Kwa hiyo kazi ya kuchora ikae ndani ya dirisha, pale kompyuta inapoliita."

"Ndiyo. Na kila likiitwa, lisome Kabati na kuchora lote tangu mwanzo. Lisijaribu kukumbuka mistari. Kitufe kisichore kitu. Kitufe kiliombe Kabati libadilike, basi. Mengine yatafuata."

Mama aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Baba yake, kama ufito ulikuwa mzuri hivi, kwa nini uliuacha?"

Fundi aliuchukua ufito kutoka kwa Mama Pacha. Akaugeuza. Akausogeza mlangoni kwenye mwanga, akausogeza karibu na jicho, akaushusha.

"Sizioni alama," alisema. "Mwaka wa pili huu."

Mama alimtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Hukusema," alisema.

"Fundi asiyeona alama atasema kwa nani?"

"Mimi nilijua, Baba," alisema Binti. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuona ukipeleka ufito mlangoni. Kila siku mlangoni. Ndiyo maana nilichora kabati likawa kubwa, na tarakimu zikawa kubwa."

Fundi aliutundika ufito mahali pake. Alichukua muda mrefu kuutundika, ingawa msumari ulikuwa uleule.

"Jumatatu bado ipo," alisema mwishowe. "Irekebishe."

Binti alifanya kazi siku mbili. Mama Pacha alipita mara moja tu, akasahihisha sehemu moja: Binti alikuwa amesahau kuliambia dirisha la orodha lijiandikishe kwa Kabati, kwa hiyo Kabati lilipoita, orodha haikusikia. Siku hizo hizo Mama alimpeleka Fundi zahanati kupimwa macho. Fundi alikwenda amenuna kama mtoto anayepelekwa kunyolewa.

Jumatatu asubuhi wote walizunguka kompyuta. Madirisha mawili yalikuwa wazi, ubavu kwa ubavu.

"Mjomba, jaribu," alisema Binti. "Jaribu kuiharibu."

Mjomba hakuhitaji kubembelezwa. Aliandika upana mia mbili. Mchoro ukatanuka na rafu kwenye orodha zikawa mia moja tisini na nne, papo hapo. Akaandika sifuri. Kabati likakataa. Akaufunika mchoro kwa orodha, akaifunga. Akalificha dirisha, akalirudisha, akalivuta likajaa skrini. Mchoro ulikuwepo mzima kila mara.

"Sina la kusema," alisema Mjomba. "Na mimi huwa nina la kusema."

Fundi alikuwa akitazama rafu sita zilizoegemea ukuta.

"Rudisha mia themanini na sita," alisema. "Rafu ziache mia sitini na nane, kama zilivyokatwa. Inabaki nafasi gani?"

"Kumi na mbili, Baba."

"Weka ubavu wa tatu. Unene wake tatu."

Binti aliliomba Kabati ubavu mmoja zaidi. Mchoro ukaonyesha rafu sita ndefu, na pembeni yake kijia chembamba cha sentimita tisa, kutoka juu hadi chini. Kwenye orodha ukaongezeka ubao mmoja wa kusimama.

"Ubao huo mmoja umesalia," alisema Fundi.

Walimwita mwalimu mkuu. Fundi hakuzunguka.

"Tulikosea. Tulikata rafu fupi. Mbao za kukata rafu nyingine sina. Naweza kukutengenezea hivi, au ukatafute fundi mwingine. Tazama."

Mwalimu mkuu aliutazama mchoro. Akaweka kidole kwenye kile kijia.

"Hapa patakaa nini?"

"Chochote chembamba na kirefu."

"Ramani," alisema mwalimu mkuu. "Ramani zangu zote zimeviringishwa na kusimamishwa nyuma ya mlango. Watoto wanazikanyaga." Akacheka. "Fundi, tengeneza hivyohivyo."

Kabati liliingia kati ya kuta mbili Ijumaa. Waliliegemeza, wakalisukuma, likakaa bila kugongwa nyundo. Ramani zikasimama ndani ya kijia chao.

Wiki iliyofuata kazi mpya ilianza. Fundi sasa alikuwa na miwani na angeweza kusoma alama za ufito, lakini alikaa mbele ya skrini mwenyewe, akaandika kimo cha mlango kwa kidole kimoja. Kisha akapaza sauti kama zamani:

"Ufito umebadilika!"

Mama akanyanyua kichwa. Binti akatabasamu. Mjomba, aliyekuwa anaelekea kwenye msumeno, alisimama. Fundi alimtazama, akanyoosha mkono, kiganja wazi.

Mjomba alihema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi alichonakilia vipimo vya jana, akakiweka kiganjani.

"Ni mbali kutembea hadi hapo, shemeji," alisema.

"Tembea," alisema Fundi, akakichana.