Mikanda ya Mkoba wa Shemeji

Mpaka leo sijapata jibu la swali moja: ni nani aliyekuwa akiifupisha mikanda ya mkoba wa shemeji yangu? Mimi nilidhani ni dada. Dada alidhani ni mwanamke mwingine, na sithubutu kusema alikosea.

Shemeji ni mrefu wa kuinama kila mlangoni. Mkoba ule wa mgongoni aliununua kwenye mitumba, kwa ajili ya safari yao ya kwanza tangu waoane: kuzunguka vijijini kwa mabasi na kulala popote watakapofika. Ulikuwa imara, ila ulinuka sabuni ya mtu. Hawakuufua. Walipanga nguo zao humo pamoja, za shemeji chini, za dada juu, wakaondoka asubuhi yenye jua wakitaniana.

Walipobadilisha basi mara ya kwanza, shemeji alivaa mkoba ukamkaba makwapa. Mikanda ilikuwa imevutwa hadi mwisho.

"Kaka, huo ni wako au wa mtoto wa shule?" kondakta alimtania.

Abiria wakacheka. Shemeji akailegeza. Waliposhuka tena, ilikuwa imevutwa vilevile.

"Mke wangu, acha utani."

"Mimi nimeugusa saa ngapi? Muulize uliyemwazima."

"Nani?"

"Huyo mfupi wako."

Alisema akicheka. Lakini tangu hapo alianza kuwakagua wanawake wafupi wote ndani ya basi.

Mvua ikanyesha, basi likakwama kwenye tope. Wakatembea hadi gesti ya karibu. Kitasa cha chumba kilimbakia shemeji mkononi, na bomba lilikohoa tu bila kutoa maji. Hayo waliyacheka. Kisha dada akafungua mkoba.

Nguo zake, zile za juu, zilikuwa zimelowa chapachapa, zimesokotwa kama za kukamuliwa. Za shemeji zilikuwa kavu. Zilikuwa zimekunjwa upya, vizuri kuliko dada anavyokunja.

Mama mwenye gesti akabisha hodi na taulo mkononi. Zilikuwa tatu.

"Tuko wawili, mama," dada alisema.

Yule mama alichungulia juu ya bega lake. Akashusha sauti.

"Na huyo anayemkanda mumeo mabega?"

Dada aligeuka. Shemeji alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Peke yake. Amefumba macho, anatabasamu.

"Taratibu," alinong'ona. "Hapo hapo."

Ulikuwa mchana. Jua lilikuwa limesharudi dirishani.

Dada alimwita kwa jina. Shemeji akafumbua macho, akamkuta mkewe mlangoni, akatazama nyuma yake kitandani.

"Kumbe si wewe?" aliuliza. "Mikono ilikuwa laini sana."

Dada hakupiga kelele. Aliponisimulia, alisema kilichomuuma kuliko woga ni lile tabasamu. "Mdogo wangu, mimi hajawahi kunitabasamia vile. Hata siku ya harusi." Alimtaka mumewe arudi, kutoka kwa mtu ambaye yeye hakuweza hata kumshika amvute nywele.

Wakakaa barazani watu watatu, pamoja na yule mama, wakaafikiana mkoba uchomwe na nguo zake zote kwenye shimo la taka nyuma ya jiko. Shemeji akasema ni wake, atauchoma mwenyewe. Mama mwenye gesti akamwaga mafuta ya taa. Shemeji akashika kiberiti. Akasimama.

"Washa basi, baba," yule mama akamhimiza.

"Tumwache tu," shemeji alisema. "Hana pengine pa kwenda."

Hakusema "tuuache". Alisema "tumwache". Dada akamnyang'anya kiberiti na kuwasha mwenyewe. Akasimama pale hadi mkanda wa mwisho ukakunjamana ukaisha. Shemeji alikuwa akilia kimya kimya.

Walisubiri basi barabarani bila mzigo wowote. Mvua ikawanyeshea. Shati la shemeji lililowa kifuani, mikononi, hadi maji yakachuruzika kwenye vifungo. Mgongo tu ndio haukulowa. Ulikuwa mkavu kuanzia mabegani mpaka kiunoni, upana wa mtu mdogo.

Dada akaweka kiganja pale. Palikuwa na joto.