Maksai Hawawashi Injini

Mbuke alitoka bani, kwenye kibanda cha kukaushia tumbaku, na robota kichwani. Alilitua barazani, akakaa chini palepale. Shingo ilimuuma. Msimu mzima kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kukausha majani, kufunga marobota, kuyabeba. Hapa Ushetu tumbaku haikupi nafasi ya kuumwa.

Lakini mumewe, Mageni, aliumwa. Alichimba dhahabu Geita kwa miaka mingi, akanunua Fuso, akarudi nyumbani kubeba mazao ya watu. Kisha kifua kikamwangusha. Fuso likabaki nyuma ya nyumba kwa muda mrefu. Kuku walitaga chini yake. Nyasi zilifunika matairi.

"Soko la tumbaku ni Alhamisi," Mbuke alisema. "Mkokoteni hauwezi kubeba marobota yote. Tukilikosa soko, majani yataota ukungu humu ndani. Mwaka mzima umepotea."

"Nimesikia, Mama Noela."

"Umesikia tangu juzi."

Mageni alicheka, kisha akakohoa. "Fuso litakwenda. Nimeazima betri, nimepiga stata, limekataa. Kesho Ngusa analeta maksai wake walivute. Likivutwa litawaka."

Mbuke alitaka kuuliza zaidi. Lakini alikuwa amechoka mno, akakubali.

Huku kwetu, kitu kikikwama tunaita maksai. Trekta likizama kwenye tope, maksai. Pikipiki ya mwenyekiti ikitumbukia mtaroni, maksai. Ngusa, jirani yao, aliwasifu maksai wake kama watu wanavyomsifu bwana harusi. Asubuhi aliwafunga kwa mnyororo mbele ya Fuso.

"Mwangaluka, mayu!" alimsalimu Mbuke kwa Kisukuma. "Leo utaona nguvu."

Mageni alipanda, akakanyaga klachi, akaweka gia. Ngusa alipiga mluzi. Maksai wakavuta. Fuso likatoka kwenye nyasi, likafika kwenye mteremko wa kwenda kisimani. Hapo likaanza kwenda lenyewe.

"Kanyaga breki!" Mbuke alipiga kelele.

Mageni alikanyaga. Hakuna kitu. Alikanyaga tena. Lori likazidi kuwasogelea maksai kwa nyuma. Ngusa aliwavuta pembeni kwa nguvu zake zote. Fuso likagonga kichuguu, likasimama. Bampa ilikuwa karibu kabisa na miguu ya maksai wa nyuma.

Mageni alibaki ameshika usukani.

"Ningewaua," alisema. "Ningekuua na wewe, Ngusa."

Kelele zile zilimwamsha Mariana. Alikuwa fundi wa malori kwenye gereji moja ya Kalangalala, mjini Geita. Alikuwa amekuja kwa wazazi wake kupumzika. Kwa bahati mbaya yake, wazazi wake wanakaa jirani na Mageni.

"Shikamoo, Baba Noela. Kuna aliyeumia?"

"Marahaba. Hakuna. Kuna aibu tu."

Mariana alienda moja kwa moja kwenye lori. Kwanza aliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi. Ndipo akasema.

"Breki za lori hili zinahitaji upepo. Upepo unajazwa na injini. Injini ikizimwa muda mrefu, upepo wote unatoka. Ulikuwa unakanyaga pedeli tu."

"Je, kama lingewaka?" Mbuke aliuliza.

"Hapo ndipo mngelia. Oili imeshuka chini, vyuma vya juu vimekauka. Vikizungushwa kwa nguvu vikiwa vikavu, vinasagana. Injini inakufa siku hiyohiyo."

"Basi tufanyeje? Maana mimi siwezi tena kubeba." Mbuke alisema hivyo na machozi yakamtoka. Hakuyaficha.

Mariana alipiga miayo, akakunja mikono ya shati. "Tutaliamsha polepole."

Alianza na filta ya hewa. Ndani alikuta kiota cha panya. Kilifumwa kwa nyuzi za kufungia tumbaku.

"Hata panya wanafunga marobota," Ngusa alisema. Mbuke akajikuta anacheka.

Kisha Mariana alifungua koki chini ya tanki la dizeli. Yalitoka maji yenye kutu.

"Maji yameingiaje, na tanki lina mfuniko?" Mageni aliuliza.

"Tanki lisilojaa hutoa jasho ndani usiku wa baridi. Maji hushuka chini. Yakifika kwenye pampu, yanaiua."

Walimwaga dizeli yote ya zamani kwenye madumu, na oili nyeusi kwenye ndoo. Hawakuacha hata tone liende upande wa kisima. Mageni akapanda gari kwenda Kahama, kwenye duka la vipuri la Firoz. Alirudi na oili, dizeli na filta mpya.

Kesho yake walijaza oili mpya, na maji kwenye rejeta. Mariana alichomoa waya wa betri. Alimpa Mageni spana ndefu, akamwonyesha puli ya mbele ya injini. "Izungushe kwa mkono, taratibu. Ikigoma, usilazimishe."

Injini iligoma kidogo, kisha ikazunguka. Mageni alivuta pumzi ndefu.

"Sasa zima sigara, Ngusa. Betri hutoa gesi inayolipuka."

Ngusa aliizima haraka. Mariana alirudisha waya wa betri. Gia ilikuwa huru, na mawe yalikuwa bado kwenye matairi. Alivuta waya wa kuzimia injini ili dizeli isipite, akapiga stata kidogo, akapumzika, akapiga tena. Alitaka oili ipande kwanza. Taa nyekundu ya oili ilipozimika, akaruhusu dizeli, akatoa hewa iliyobaki kwenye mipira ya dizeli.

"Mama Noela, shika ubao huu. Injini ya dizeli ikikimbia yenyewe, ufunguo huenda usiizime. Ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Usitumie mkono, utavutwa. Wengine simameni mbali."

Alipiga stata. Injini ilikohoa kama Mageni. Moshi mweupe ukatoka, kisha mweusi. Halafu ikashika na kutulia. Mbuke alibaki na ubao wake kifuani.

"Tayari?" Ngusa aliuliza, mkono uko kwenye jiwe.

"Acha jiwe! Mshale wa kipimo cha upepo bado uko chini."

Walisubiri. Mshale ulipanda. Mageni akajaribu breki hapohapo, ikashika. Akasogeza lori kidogo, akajaribu tena. Ikashika. Ndipo mawe yakaondolewa.

"Likisimama tena muda mrefu, liwashe mara kwa mara na ulitembeze kidogo," Mariana alisema. "Sasa mimi narudi kulala."

Alhamisi marobota yote yalipanda Fuso mara moja. Mbuke alikaa mbele, pembeni ya mumewe. Alikusudia kuangalia njia. Kabla hawajafika barabarani, alikuwa amelala.

Sokoni, karani wa mizani alikuja dirishani. "Mwenye tumbaku nani?"

Mageni alimwonyesha mkewe. "Ni huyu."

"Basi mwamshe."

"Wapimie wengine kwanza," Mageni alisema kwa sauti ya chini. "Marobota haya ameyabeba vya kutosha."