Uzi wa Kumi na Mbili

Fundi Atuganile alikaza kifungo cha nyuma, akaondoa mikono, akasubiri. Kwa mara ya tatu asubuhi ile, hatamu ikaanza kutambaa.

Ilikuwa imevalishwa kwenye kichwa cha mpira kilichonakiliwa sura ya Mzee Ndahani, dereva mstaafu wa treni za sumaku. Mwenyewe alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, pamoja na binti yake Perusi, akiitazama sura yake ikibanwa.

Watu wengi wa Dodoma wa miaka ile walilala na hatamu. Kando ya kitanda kulikaa kipuliza, mashine ndogo ya kusukuma hewa ili koo lisijifunge usingizini. Hewa ilipita kwenye barakoa, na kazi ya hatamu ilikuwa kuishika barakoa mahali pake hadi asubuhi. Zamani mikanda ilikuwa ya raba. Mtu akijigeuza tu, barakoa inahama, hewa inavuja, pumzi inakatika. Siku hizi ilisukwa kwa nyuzi hisivu arobaini. Kila uzi ulijifunza uso wa mlalaji mwezi baada ya mwezi, ukajikaza na kujilegeza wenyewe, naye asijue.

Lakini hatamu hii haikuujua uso uliokuwa chini yake. Mikanda ilipanda, ikajivuta ndani, ikayabonyeza mashavu ya mpira kana kwamba nyuma yake kulikuwa na uso mwingine, mdogo zaidi, nayo inautafuta.

"Mzee, wewe uliendesha kilomita mia nne kwa saa," Perusi alisema. "Leo mkanda wa kichwa unakushinda?"

"Treni ilikuwa na breki," baba yake alijibu.

Atuganile alitabasamu, akarudi kwenye kumbukumbu za kipuliza. Alizisoma polepole, kama alivyozoea; ufundi huu alijifundisha mwenyewe kwa kufungua hatamu mbovu na kuziunga tena, na hakupenda kusema neno kabla hajaona mara mbili. Kila alfajiri, saa kumi na dakika kumi, kifungo cha hatamu kilifunguka. Hakuna mkono uliokigusa. Barakoa iliteleza, na mzee akaacha kupumua. Wiki ya kwanza, sekunde ishirini. Juzi, sitini na nane. Alfajiri ya leo, tisini na mbili.

"Baba, huwa unashtuka?" Atuganile alimuuliza mzee.

"Huwa naamka."

"Leo ulichelewa kuamka."

Atuganile akaivua hatamu na kuinyanyua juu ya meza. Ilipaswa kulegea mikononi mwake kama soksi tupu. Haikulegea. Nyuzi zilijipanga hewani, zikachora paji jembamba, kidevu kifupi, na shavu la kushoto lililobonyea kwa ndani.

Perusi alisimama. Kiti chake kikaanguka nyuma, wala hakukiokota.

"Hapo ndipo alipong'olewa magego," alisema kwa sauti ndogo. "Baba. Hii ni ya mama."

Mzee Ndahani aliitazama meza. Hatamu za marehemu zilitakiwa kurudishwa kwenye kituo zilikotolewa, zifutwe kumbukumbu, lakini watu walizihesabu kama nguo. Siku ya kuanua matanga, dada za mkewe Foibe waligawana vitenge, viatu na koti la baridi. Walipomaliza, wakamuuliza shemeji yao anataka nini. Akachukua hatamu iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari.

"Yangu ndiyo nikairudisha kituoni badala yake," alisema. "Ya kwake ilikuwa bado na harufu ya mafuta yake."

"Na saa kumi na dakika kumi?" Atuganile aliuliza.

"Miaka thelathini na moja aliamka saa hiyo. Treni yangu ya kwanza ilitoka kumi na mbili kasoro. Alikuwa anafungua kifungo, anavua, ananishika shavu hapa, ndipo anakwenda kubandika uji." Alijigusa chini ya jicho. "Sasa inanifungukia mimi. Inapopita usoni, fundi, ni kiganja chake. Nakijua."

"Ndiyo maana huharakishi kuamka," Perusi alisema.

"Nani anaharakisha?"

Hatamu ilikuwa bado imeshikilia umbo lake juu ya meza, na Atuganile aliona haya kuishika, akaiweka chini taratibu kama mtu anayemlaza mgonjwa.

Alieleza bila kupamba. Mashine ya kufutia ingemaliza kazi kwa dakika nne, lakini haichagui. Ingefuta saa na uso pamoja. Kuiacha ilivyo hakuwezekani. Sekunde tisini na mbili zilikuwa zinaelekea mahali ambapo mtu haamki.

"Futa," Perusi alisema.

"Usifute," mzee alisema.

Atuganile alivuta daftari lake. "Naweza kuuchomoa uzi mmoja mmoja na kuupima peke yake. Ule unaoijua saa nitauondoa. Zinazojua uso nitazisuka upya. Ni kazi ya siku nyingi, na wewe baba usiku utavaa raba ya kawaida. Itavuja, lakini utapumua."

"Na kama ni uzi mmoja unaojua vyote viwili?" mzee aliuliza.

"Nikiuona nitakuambia. Sitakuficha."

Mzee alikubali kwa kichwa. Perusi aliikunja hatamu ya raba aliyopewa na fundi, akaitia mkobani, akamwambia baba yake kwamba leo atatandika godoro chumbani kwake, apende asipende. "Unakoroma wewe," mzee alinung'unika. Wakatoka wameshikana mikono.

Atuganile aliendelea hadi jioni. Kila uzi aliulaza kwenye kichwa cha mpira, akasogeza mbele saa ya majaribio hadi kumi na dakika kumi, akaandika alichokiona. Nyuzi kumi na moja zilijua kipande cha uso tu: nyusi, pembe ya mdomo, nyuma ya sikio.

Uzi wa kumi na mbili ulikuwa wa shavu la kushoto. Ulijikunja ndani, ukakaa. Saa ya majaribio ilipofika, ulijilegeza wenyewe, ukateleza usoni taratibu, ukasimama chini ya jicho, ukatulia hapo kwa muda kabla ya kuachia.

Aliutazama bila kupepesa. Jaribio moja si ushahidi. Kipimo kingeweza kukosea, na nyuzi ishirini na nane zilikuwa bado hazijaguswa. Aliirudisha nyuma saa ya majaribio, kisha akasita, akaizima mashine.

Daftarini, mbele ya namba kumi na mbili, aliandika: kurudia kesho. Akaacha nafasi ya kutosha chini yake, akafunga mlango.