Namba ya Familia

Uvumi ulimkuta Odessa Pruitt saluni, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, hana pa kukimbilia.

"Dessa, shoga yangu, sisemi kwa ubaya," Bernetta msusi alimwinamia sikioni. "Binamu yangu anayeosha magari pale duka la magari la barabara ya Gratiot kaiona karatasi kwa macho yake. Namba ya familia ya Thad wako imeshatumika. Kaitumia mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Jina hakuwahi kulisoma. Kaona neno moja tu: mchumba."

Detroit namba hiyo si mchezo. Kiwanda cha magari humpa kila mfanyakazi namba chache kwa mwaka, na mwenye nayo akienda kununua gari hupunguziwa bei kama mtoto wa nyumbani. Marafiki wana namba zao, lakini ile ya familia ni ya mama, ndugu, mke, au yule anayekaribia kuwa mke. Thad Boykin alimwahidi Dessa namba hiyo tangu Julai. Sasa ilikuwa Oktoba, mgomo wa kiwandani una wiki ya tatu, na namba hajaiona.

Walikutana Mei, Jumamosi, Soko la Mashariki, watu wamebeba miche ya maua mpaka hawaoni mbele. Gari la Dessa likazima katikati ya njia, honi zikalia nyuma yake kama msafara wa harusi. Akashuka na gauni lake la njano lenye madoa meupe, akalipiga gurudumu teke.

"Usilipige, dada, litasusa kabisa." Mwanamume mrefu, fulana nyekundu ya chama cha wafanyakazi, mkate wa soseji mkononi.

"Wewe fundi?"

"Mimi nafunga viti kiwandani. Ila kusukuma najua."

"Basi sukuma, maneno baadaye."

"Kwa hiyo maneno yapo?"

Dessa alicheka bila kupenda. Juni ilipofika alikuwa anamwita laazizi, na Thad naye anamwita bosi.

Kazi ya Dessa ni kutunza wazee majumbani mwao, leo kitongoji cha Warren, kesho Southfield. Bila gari hakuna kazi. Mgomo ulipoanza, giaboksi ikakata roho. Fundi akamwambia kipuri kipo, lakini kimefungiwa ghalani, na wafanyakazi wa ghala nao wamegoma. Dessa akawa anabadilisha mabasi matatu. Asubuhi moja alimkuta mzee Halloran amekaa na mkojo wake tangu jana yake, anamwomba radhi yeye. Dessa alimwogesha huku machozi yanamtoka.

Jioni ile aliyotoka saluni, Thad alipiga simu.

"Bosi wangu, umekula?"

"Gari liko wapi, Thad?"

"Vumilia kidogo, mpenzi."

"Mwezi mzima vumilia, vumilia. Mimi kobe?"

"Kuna kitu siwezi kukwambia kwenye simu."

"Huwezi au hutaki?"

"Niko zamu ya mgomo langoni, watu wananisikiliza."

"Wakusikilize vizuri. Namba yako ya familia ina jina la nani?"

Thad alishusha sauti. Kisha akauliza, "Nani kakwambia habari za namba?"

Kujibiwa swali kwa swali ndiko kulikomchoma. Dessa akakata. Simu ikaita mara tisa, naye akaitazama ikiita.

Kesho yake akaenda dukani. Uwanja uliokuwa umejaa magari sasa umebaki na saba, yamepangwa mbalimbali ili pasionekane mapengo.

"Hilo jekundu bei gani?"

Muuzaji akataja.

"Mbona mwezi jana lilikuwa chini kwa dola elfu nne?"

"Mwezi jana walikuwa wanafanya kazi, bibie."

Akavuka barabara, akaingia duka la magari ya kigeni. Huko hakuna aliyegoma, lakini nao walikuwa wamepandisha bei, maana kila mtu kakimbilia kwao. Dessa hakubishana. Alisaini mkopo wa miaka sita, akapewa gari dogo la kijivu lenye namba ya muda ya karatasi, akaliendesha moja kwa moja mpaka kiwandani kwa Thad.

Watu kama arobaini wenye nguo nyekundu walikuwa wanazunguka mbele ya lango na mabango yao, pipa la moto linafuka, mtu anagawa donati. Dessa alimwona Thad upande wa pili, akakata usukani kumfuata. Mlinzi wa kampuni, kuona gari la kigeni na sura asiyoijua, akadhani ni mmoja wa vibarua walioletwa kufanya kazi za wagomaji. Akamwinulia kizuizi.

Dessa akapita.

Yeye, ambaye baba yake alisimama na bango kwenye lango lilelile miaka ya nyuma! Mtoto mdogo wa Detroit anajua mstari wa wagomaji hauvukwi, hata kwa miguu, hata kama umebanwa na haja.

"Msaliti!"

"Tena na gari la kigeni!"

"Mama, umepotea njia au umepotewa na akili?"

Thad alikuja mbio, akagonga kioo. "Rudi nyuma, Dessa. Umevuka mstari."

"Nani katumia namba yako?"

"Rudi nyuma kwanza, nakuomba."

"Nani huyo mchumba?"

"Wewe!" Sauti yake ilipasuka, watu wakageuka. "Mchumba ni wewe, nani mwingine? Niliagiza la buluu, Agosti. Nilitaka nilete kwenu gari na pete siku moja. Limo humo ndani, halina hata viti, limesimama tangu siku tuliyotoka. Ningekwambia nini? Kwamba nimekuchumbia kwa gari nililoligomea mwenyewe?"

Dessa alizima injini.

"Na hili la nani?" Thad akauliza.

"Langu. Mkopo miaka sita."

Thad aliweka mikono juu ya paa la gari, akainamisha kichwa. Nyuma yake mtu alicheka, mwingine akamwambia aache.

Mgomo uliisha wiki ya sita. Mishahara ilipanda, watu wakapigiana honi mji mzima. Thad alipiga simu siku ya pili.

"Tumeshinda."

"Hongera, Thad."

"Lile la buluu limeuzwa kwa mwingine, bei ya juu. Kulilipia peke yangu nisingeweza, na wewe benki imeshakukamata."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe palepale."

"Basi njoo Jumapili. Mama anapika kuku na mboga ya majani ya koladi."

Thad hakugusa habari ya kuku. "Uliniuliza mbele ya watu arobaini kitu ambacho ungeniuliza jikoni. Na mimi nikaficha kitu ambacho ningekisema jikoni. Nimekubali kuhamia kiwanda cha mji wa Toledo."

"Toledo ni saa moja tu."

"Ndiyo. Na gari unalo."

Dessa hakujua kama ule ulikuwa utani au mwaliko. Kila Jumapili Dessa huvaa, huwasha lile gari la kijivu, huliacha likinguruma mbele ya nyumba, kisha hulizima na kurudi ndani. Safari hiyo mpaka leo hajaenda.

Binti zangu, epukeni haya:

Habari isiyo na jina la mtu.

Kukata simu kabla mwenzio hajajibu.

Kununua gari wakati wa mgomo, kama unaweza kungoja.

Kusaini mkopo ukiwa na hasira.

Kuvuka mstari wa wagomaji, hata ukifunguliwa lango.

Nanyi wanaume, kuficha jambo jema mpaka linageuka baya.

Kungoja Jumapili ijayo.