Kumbukumbu Imejaa

Kila akitoka shule, Chapuchapu alipitia ofisini kwa mama yake. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza, printa na kompyuta kuukuu inayotumia programu huria, zile za bure. Tangu afiwe na mumewe, mama alimlea mwanawe kwa kuchapa barua za watu. Mtoto aliitwa Chapuchapu kwa sababu mikono yake ilitangulia, akili ikafuata nyuma.

Kazi moja mama aliipenda kuliko zote. Bibi Mkunga, jirani yao aliyezalisha nusu ya mtaa, alikuwa akija jioni kumsimulia maisha yake, mama akichapa, ili wajukuu waje wasome. Kabla hawajamaliza, kiharusi kikamfunga Bibi ulimi. Maneno yake yakabaki ndani ya kompyuta ile tu.

Nayo kompyuta ilizidi kujivuta. Ukifungua programu ya kuandikia, ungeweza kufagia chumba ukamaliza. Ukibonyeza herufi, ilijitokeza baadaye kama mgeni aliyelazimishwa kuingia.

"Hii mashine inaandika au inatunga?" mteja mmoja alitania, kisha akachukua karatasi zake akaenda kwingine. Mama alicheka naye. Alipoondoka, hakucheka tena.

Fundi akaitwa. Alichungulia, akatikisa kichwa. "Dada, kumbukumbu imejaa. Ndiyo inayoilemea. Ikipunguziwa mzigo itakimbia. Nitarudi na vifaa."

Kesho yake mama alitoka kununua karatasi. Chapuchapu akawasha mashine, akaona folda imeandikwa KUMBUKUMBU. Ndani mna kurasa tele na picha. Hakusoma hata mstari. Akafuta zote, akamwaga na Tupio, pipa la vitu vilivyofutwa, akazima mashine na kuiwasha upya. Kweli, iliamka nyepesi kidogo.

"Eh! Leo imeamka na heri," mama alisema aliporudi. "Umeifanyaje?"

"Nimeipunguzia mzigo!"

Mama akacheka, asiulize zaidi. Jioni binti wa Bibi Mkunga alikuja kuomba maneno ya mama yake yachapwe karatasini. Mama akatafuta. Akatafuta tena.

"Chapuchapu, umegusa kitu humu?"

"Sijagusa, mama. Labda fundi."

Mama alimpigia fundi simu, akamwambia maneno makali, na kumkataza kukanyaga pale. Habari haina miguu lakini hutembea. Maduka ya jirani nayo yakaacha kumwita fundi huyo. Mama akaendelea kuchapa kazi za watu kwenye mashine ile ile, kutwa. Chapuchapu alipoombewa baraka kabla ya kulala, alishindwa kuitikia amina.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja alikutana na fundi njiani, mkoba wa vifaa begani.

"Hujambo, mwanangu? Mashine ya mama inaendeleaje?"

Chapuchapu aligeuka, akakimbia mpaka ofisini, akasema yote.

Mama akajifunga kanga, akaenda mwenyewe kumwomba fundi radhi. Fundi akaja.

"Mashine imetumika tangu siku ile?"

"Kila siku," mama alijibu.

Fundi akashusha pumzi. "Faili ikifutwa haipotei papo hapo, dada. Inakaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ningeitwa siku ile, ningezirudisha nyingi." Alihangaika mpaka alasiri, akapata kurasa chache tu, nazo zimekatikakatika.

Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Na kumbukumbu niliyosema si folda, mwanangu. Ni nafasi ya mashine kufanyia kazi, kama meza hii. Karatasi zilizo kabatini haziijazi meza. Siku ile iliamka nyepesi kwa sababu uliizima ukaiwasha upya."

Akazuia programu zilizokuwa zikijifungua zenyewe mashine inapowaka, akaongeza kipande kingine cha kumbukumbu. Kompyuta ikakimbia.

Jioni mama alimpeleka Chapuchapu kwa Bibi Mkunga. Mtoto akapiga magoti, akaeleza. Bibi alimtazama, chozi likamtoka. Chapuchapu alipougusa mkono wake usiopooza, Bibi aliuondoa taratibu, akageukia ukuta.

Njiani mama alisema, "Kutojua maana ya neno si dhambi. Nami sikuweka nakala mahali pengine. Hilo ni langu. Lakini kila siku uliyonyamaza, mimi kwa vidole vyangu nilikuwa naandika juu ya maneno ya Bibi, bila kujua. Na fundi asiye na kosa tukamchafulia jina. Kesho tutapita duka kwa duka kumsafisha, na wewe ndiye utakayesema. Kosa likitajwa mapema hupata fundi, mwanangu. Likifichwa, fundi hukuta limeshakwisha kuharibu."

Walirudi ofisini, mama akaanza kumtajia yale aliyoyakumbuka, Chapuchapu akichapa. Herufi zilitokea mara tu kidole kilipogusa. Muda mrefu alikaa akingoja neno linalofuata, na mama hakuwa nalo.