Nguo Mbili za Idi

Foleni ilianzia sheli, ikapinda kona, ikateremka mpaka kwenye maduka ya vitambaa. Pikipiki, gari za abiria, wazee na madumu yao, hata bibi mmoja na chupa ya maji, kila mtu anaiwahi bei ya leo, maana kesho lita ina bei nyingine. Chake Chake nzima ilinuka petroli na jasho. Afra alisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, baibui jeusi, mtandio wa rangi ya zabibu, mkononi kashika dawa za presha za mama yake. Gari ya kumrejesha Makangale ilikuwa mkiani mwa foleni.

"Dada, ukiingoja gari hiyo utafika kwenu na mvi."

Aligeuka. Kijana mrefu, koti la bodaboda limepauka mabegani, anaisukuma pikipiki yake hatua moja moja.

"Na wewe utanifikisha na nini? Yenyewe unaikokota kama mbuzi."

"Naipumzisha. Ikila hii, mie sili."

Afra alicheka, akakiwahi kicheko kwa pembe ya mtandio. Kijana alikuwa keshakiona. Jina lake Haitham, wa Vitongoji. Jioni alimteremsha mlangoni kwao, akakataa nauli.

"Nipe namba ya simu."

"Namba yangu ghali kuliko petroli."

"Basi niandike foleni."

"Mie nashona kofia za mkono," alisema Afra, amekunja uso kama mwenye duka. "Ukitaka kofia, piga."

Haitham akapiga. Alipiga kila siku baada ya alasiri, kuulizia kofia ambayo hakuiagiza. Leo viua vya aina gani, habibti? Kichwa changu umekipima kwa macho au kwa moyo? Kwa macho, Afra humjibu, na nimekiona kikubwa, kitamaliza uzi. Miezi mitatu haikutimia, wazee wa Vitongoji wakaja na posa. Ami Hashil, ndugu wa marehemu baba yake Afra, aliipokea, na harusi ikawekwa baada ya msimu wa karafuu.

Sasa kule kwao posa ikishapokewa, msichana hatoki ovyo, na mchumba hamuoni ila kwa sauti ya simu. Watu ndio wanaotazama. Na wanachokitazama kuliko chote ni nguo ya Idi. Mchumba mwenye nia huleta nguo kabla Ramadhani haijamalizika, ikatandikwa kitandani, majirani wakaja kuishika. Asiyeleta, huyo keshageuza uso.

Mwaka ule petroli ilipanda, ikapanda tena. Samaki akapanda kwa sababu mashine za vyombo vya baharini nazo zinakunywa. Unga ukapanda kwa sababu gari zinazouleta zinakunywa. Bi Asya, mama yake Afra, akaanza kukoroga uji wa futari mwepesi hata ukiuinamia unajiona. Watu wakajifunza kutembea.

"Leo nimebeba watu saba," Haitham alisema kwenye simu, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Watano wameliwa na petroli. Wawili tumewala mie na mama."

"Haitham, n'sikilize. Nguo ya Idi mwaka huu iache."

"Niache? Ami Hashil atasema nini?"

"Ami niachie mie."

"Sitaki kuachiwa, Afra. Mie mwanamme…"

Vocha ikakata. Hakupiga tena siku ile wala ya pili, na Afra akakihesabu kimya kile kuwa amekubali.

Hapo ndipo alipofanya alilolifanya. Aliuza kofia mbili kwa mchuuzi wa Konde, akanunua gauni la kijani lenye ushanga kifuani, akalifunga kwenye karatasi ya kung'aa kwa mkono wake mwenyewe. "Mama," alisema, "nguo ya Haitham imefika." Bi Asya alilitandika kitandani. Majirani wakaja wakalishika. Ami Hashil akalitazama kutoka mlangoni, akasema, "Kijana huyu mtu." Afra alilala na furaha siku hiyo. Amemsitiri mtu wake, na hapana anayejua.

Siku ya ishirini na saba ya Ramadhani, ukumbi umejaa wanawake wanaosaidiana mapishi ya futari, akateremka garini Asma, dada yake Haitham, na mfuko mkubwa. Ndani mna gauni la zambarau, viatu, udi na chupa ya manukato.

"Kaka kanituma," alisema, anahema. "Anasema mumsamehe, kachelewa. Nguo ya Idi hii."

Mwiko uliokuwa ukikoroga ukasita. Bi Asya alitazama gauni lile, akamtazama binti yake. Ami Hashil, aliyekaa mlangoni, aliweka tasbihi chini.

"Na ile ya kijani," aliuliza taratibu, "ni ya nani?"

Afra alifungua kinywa. Kusema kweli ni kuwaambia wanawake wale wote kwamba alimuona mchumba wake hawezi, akajivisha mwenyewe kwa jina lake. Habari hiyo ingefika Vitongoji kabla ya adhana, na Haitham angechekwa mpaka kaburini. Akafumba kinywa. Na wao, kimya chake wakakifasiri vile walivyopenda.

Haitham alipiga usiku huo.

"Nani anakuvisha, Afra?"

"Mie mwenyewe. Nimeuza kofia. Wallahi, sikutaka wakuseme."

"Msichana ajinunulie nguo ya posa yake? Hebu nitungie jengine."

"Haitham, habibi…"

Safari hii si vocha iliyokata.

Ami Hashil akatoa neno lake: posa itarejeshwa kabla ya Idi, kwani yeye haozi binti wa mabwana wawili. Majirani wakamwita Afra "wa nguo mbili", kwanza kwa kunong'ona, kisha bila hata kushusha sauti.

Siku moja kabla ya Idi, mchana, Haitham akatokea njiani kwa miguu, kanzu imeshika vumbi pindoni. Hakumtazama Afra. Alisimama mbele ya Ami Hashil, akampa mkono.

"Ami, nguo zote mbili zangu."

"Zako?"

"Ya kwanza nilimpa mtu ailete kimya kimya. Kisha roho ikanisuta kuwa ni ndogo, nikaongeza. Asma sikumwambia. Nyumbani tunakunywa uji mtupu, ningesemaje nimenunua mara mbili?"

Mzee alimkazia macho. "Na mwenzio mbona alinyamaza?"

"Mie nilimwambia anyamaze."

"Basi yamekwisha," alisema Ami Hashil kwa nguvu, ili na jirani asikie.

Waliachiwa dakika chache kwenye kibaraza, Bi Asya kakaa upenuni anachambua mchele.

"Umeniamini lini?" Afra aliuliza.

"Nilikaa nikajiuliza, nani huyo Makangale mwenye pesa za kuhonga mwaka huu? Nikamtafuta kichwani nyumba kwa nyumba. Hayupo. Nikacheka peke yangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Kisha nikalia."

"Pikipiki iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Kwa ajili ya gauni?"

"Gauni lilichukua kidogo. Ilikuwa hainilishi tena, Afra, naipeleka kula tu. Kilichobaki ni nauli. Kesho alfajiri napanda meli, nakwenda Dar es Salaam kubeba saruji."

"Na Idi?"

"Itanikuta njiani."

"Nitakusubiri."

"Usinisubiri. Mahari yako imekwishia barabarani, kwenye petroli, nikianza upya sijui miaka mingapi. Nikifika nitampigia Ami, nimwambie kosa ni langu, nikufungue na posa hii."

"Kama hunitaki, kwa nini umelisafisha jina langu?"

"Nani kasema sikutaki? Nakutaka. Kukulisha ndiko siwezi."

"Mie nashona. Tutakula hicho hicho."

"Ndivyo ulivyofanya kwenye nguo, mpenzi. Umeona tulipofika."

Akasimama. Alimuaga Bi Asya kwa adabu, mkono kifuani, akashika njia ya kwenda Konde. Afra alimtazama mpaka kanzu ikawa doa.

Asubuhi ya Idi takbira zilisikika toka kila upande. Magauni mawili yalikuwa kitandani. Afra alichukua la zambarau. Lilikuwa pana mabegani, na mikono imemeza vidole.

Bi Asya aliingia na pini mdomoni.

"Lile la kijani ulinunua wewe," alisema.

Afra alilisogeza la kijani pembeni ya kitanda.

"Nilijua siku ya kwanza ulipolijaribu. Limekukaa kama ngozi. Mwanamme ambaye hajawahi kukugusa angekipata wapi kipimo hicho? Haitham ndiye kakisia," akavuta mkono mpana wa zambarau. "Maskini, kakuona mkubwa."

"Mbona hukusema, mama?"

"Aibu ingemwangukia yeye. Nilikuona umeamua kuibeba wewe. Ningekupokonyaje?"

Afra alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Usiikate," alisema.

"Siikati." Bi Asya alichomeka pini ya kwanza, akatafuta ya pili. "Naikunja tu."